Utani au Uonevu? Somo kwa Wanafunzi, Wazazi na Walimu

Mwanafunzi akiulizwa kama shuleni kwao kuna uonevu, huenda akajibu hapana. Akiulizwa kama wageni hulazimishwa kuwafulia wakubwa au kuwatekea maji, hukubali, lakini husema huko ni "kumkaribisha mono". Uonevu ukishapewa jina la mzaha, hakuna anayeuripoti.

Tofauti iko wapi?

Utani tunaoujua, kama ule wa babu na mjukuu, ni wa kurushiana: kila mmoja ana ruhusa ya kujibu. Mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu katika shule za Uswidi miaka ya 1970, alitaja dalili tatu:

1. Kitendo kinakusudia kuumiza.
2. Kinarudiwa.
3. Anayetendewa hana nguvu sawa za kujitetea.

Katika maeneo makavu ya Kitui na Makueni, mgeni anayenyang'anywa ndoo ya maji kila asubuhi huingia darasani bila kuoga, kisha huchekwa kwa sababu hiyo hiyo. Huo si utani.

Mtandaoni

Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, wengi hukutana na uonevu huu wakiwa nyumbani, hasa likizoni. Picha ya aibu hutumwa mara moja tu katika kundi la WhatsApp, lakini kila anayeisambaza huirudia. Shule zikifunguliwa, mtoto hukuta wenzake wote wameshaiona. Mzazi akiona mtoto anasingizia ugonjwa siku ya kurudi shuleni, amuulize kwa upole kabla ya kumkemea.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inamlinda mtoto dhidi ya uonevu wa mtandaoni.

La kufanya

- Mwanafunzi: usijibu matusi. Hifadhi ujumbe kama ushahidi, kisha mwambie mtu mzima unayemwamini.
- Shahidi: usicheke, usisambaze. Kaa karibu na mwenzako na umsindikize kwa mwalimu.
- Mzazi: usimnyang'anye simu mtoto aliyeonewa, la sivyo wakati mwingine atanyamaza.
- Mwalimu: msikilize kila mmoja peke yake. Mtoto hawezi kusema kweli mbele ya anayemwogopa.

Shule ikishindwa kulitatua, mwone afisa wa watoto au chifu, au piga 116, laini ya Childline Kenya. Haitozi malipo na hupokea simu saa 24.

Maswali ya kujadili darasani

1. Ni mambo gani shuleni kwetu tunayaita utani ilhali anayetendewa hawezi kujibu?
2. Je, anayesambaza picha asiyoipiga yeye ana hatia?
3. Mwanafunzi mgeni angependa kupokewa vipi siku yake ya kwanza?