Moyo wa Kijana Unapopoteza Mpango wa Mapigo Yake

Moyo wa mtu umo kifuani, umeelekea upande wa kushoto, na ukubwa wake hukaribia ngumi ya mwenyewe. Kazi yake ni kusukuma damu, nao hauna siku ya mapumziko. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika moja, na mapigo ya usiku na mchana yakihesabiwa pamoja hufika kama 100,000. Watu wengi hudhani ya kuwa kuvurugika kwa mapigo hayo ni maradhi ya wazee peke yao. Sivyo. Vijana wa kiume na wa kike nao huwaendea madaktari wakinena kwamba moyo waruka, au wakimbia, au umesimama kidogo kisha ukapiga kwa kishindo. Baadhi yao hawana ugonjwa wo wote. Baadhi yao wamo hatarini, na yafaa kila mtu ajue namna ya kutofautisha.

Kwanza na ifahamike ni kitu gani kinachouamuru moyo upige. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia pana kifundo kidogo cha nyama ambacho hutoa cheche ya umeme chenyewe, bila kungoja amri ya ubongo. Kifundo hicho kilielezwa mwaka 1907 na wataalamu wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack. Cheche ikitoka hapo huenea katika vyumba vya juu, navyo hujikaza. Kisha hupita katika njia nyembamba iliyo katikati, nayo hucheleweshwa hapo kidogo kusudi vyumba vya chini vipate kujaa damu, ndipo navyo hujikaza. Ni kama ngoma yenye mpigaji mkuu mmoja na wengine humfuata. Ngoma hiyo huharibika ikiwa mpigaji mkuu amehimizwa kupita kiasi au amechelewa, au ikiwa mahali pengine moyoni pameanza kutoa cheche pasipo ruhusa, au ikiwa cheche imepata njia ya kuzunguka na kurudi ilikotoka.

Si kila mvurugo ni ugonjwa. Kwa vijana, moyo huenda mbio kidogo mtu avutapo pumzi, na hupunguza mwendo aitoapo. Hiyo ni dalili ya mwili wenye afya. Kadhalika, pigo moja huweza kuja mapema kabla ya wakati wake. Baada yake moyo hungoja kidogo, na pigo linalofuata huwa zito kwa sababu chumba kimejaa damu zaidi. Hilo pigo zito ndilo limshtualo mtu kitandani usiku, akadhani amefikiwa na mauti. Mara nyingi sababu yake ni kukosa usingizi, wasiwasi, homa, chai au kahawa nyingi, ama sigara. Miraa nayo ina kiini kinachouhimiza moyo na kupandisha nguvu ya damu. Mtu atafunaye usiku kucha, huku akinywa soda na kuvuta sigara, asistaajabu moyo wake ukimkimbia alfajiri. Pombe nayo ina kosa lake. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu waliofika hospitalini baada ya mwisho wa juma au sikukuu, mapigo ya mioyo yao yamevurugika kwa sababu ya ulevi.

Tena kuna sababu ambazo chanzo chake si moyo. Mtu aliyepungukiwa na damu, kwa mfano kwa safura au kwa hedhi iliyozidi, moyo wake hulazimika kwenda mbio ili damu chache ifanye kazi ya nyingi. Tezi ya shingoni ikizidi kufanya kazi, mgonjwa hukonda ingawa anakula, mikono hutetemeka, hutoka jasho, na moyo huenda mbio hata akiwa amelala. Kuhara na kutapika sana huondoa mwilini chumvi ambazo moyo hauwezi kuzikosa. Dawa nyingine zinunuliwazo ovyo madukani huweza kuuharibu mwendo wa moyo, na dawa za miti pia. Inatosha kukumbuka kwamba sumu ya mishale waliyotumia wawindaji wa Kikamba na Kigiriama ilipikwa kutoka mti uitwao msunguti, na sumu hiyo humwua mnyama kwa kuuvuruga moyo wake. Mwenye kunywa mzizi asioujua hana budi kufikiri mara mbili.

Lakini katika Afrika ya Mashariki kuna sababu moja ambayo yastahili kuangaliwa kuliko nyingine, kwa kuwa huanza na jambo dogo na yaweza kuzuiwa. Sababu hiyo ni baridi yabisi ya moyo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa na koo au mafindofindo kwa ajili ya vijidudu fulani. Koo hupona lenyewe, na wazazi husahau. Baada ya majuma mawili au matatu mtoto hupatwa na homa, na viungo vyake huvimba na kuuma: leo goti, kesho kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Mwili uliojitayarisha kupigana na vijidudu vya koo umekosea adui, nao unaushambulia moyo wake wenyewe. Viungo hupoa. Moyo hausahau. Kila homa kama hiyo irudipo, vilango vilivyo kati ya vyumba vya moyo huzidi kupata makovu, hata kimoja kikashindwa kufunguka vizuri.

Miaka hupita, na huyo mtoto sasa ni kijana wa miaka 25. Kilango cha upande wa kushoto kimekuwa chembamba, damu inarundikana katika chumba cha juu, na chumba hicho kimetanuka. Katika chumba kilichotanuka cheche hazina tena njia moja; huzunguka huku na huku, na chumba hutetemeka badala ya kujikaza. Mapigo mkononi huwa hayana mpango wo wote. Mgonjwa huchoka kwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda bila taabu, na usiku hukosa pumzi alalapo. Kwa wanawake jambo hili hudhihirika mara nyingi wakati wa mimba, kwa kuwa damu ya mama huongezeka karibu nusu ya kiasi chake na kilango kilichobana hakiwezi kuipitisha. Wengi huambiwa ni uchovu wa mimba tu, na hilo ni kosa la kusikitisha.

Hatari nyingine ni kwamba damu iliyotulia katika chumba kinachotetemeka huganda. Bonge la damu likitoka hapo likapanda kichwani, kijana huamka hawezi kusema wala kuinua mkono. Majirani hunena amerogwa. Kumbe ni kiharusi, na chanzo chake ni koo la utotoni. Kwa wagonjwa wa namna hii dawa ya kuzuia damu isigande ambayo imetumika kwa miaka mingi ni warfarini. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2022, ambao ulifanywa katika nchi nyingi pamoja na za Afrika, ulionyesha kwamba kwao dawa hiyo ya zamani ilishinda dawa mpya iliyolinganishwa nayo. Haina budi kupimwa kwa damu mara kwa mara.

Kinga yake haina gharama kubwa. Koo la mtoto litibiwe kwa penisilini kama aonavyo mganga, na dawa imalizwe hata kama maumivu yamekwisha. Mtoto aliyekwisha kupatwa na homa ya viungo hupewa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, kwa muda wa miaka mingi. Wazazi wengi huacha katikati kwa kuwa mtoto aonekana mzima, nao hawajui kwamba sindano ile ndiyo imfanyayo aonekane hivyo.

Kuna pia maradhi ya kurithi. Katika ugonjwa mmoja nyama ya moyo huwa nene kupita kiasi, na mzazi aliye nao huweza kumpa kila mtoto kwa bahati ya nusu kwa nusu. Mwaka 2003, tarehe 26 Juni, mchezaji wa Kameruni Marc-Vivien Foé, mwenye umri wa miaka 28, alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, akafa. Moyo wake ulionekana kuwa na ugonjwa huo. Ugonjwa mwingine ni wa umeme wa moyo tu, na moyo ukitazamwa kwa macho hauna dosari. Mwenye nao huzirai anapoogelea au anaposhtuliwa na kengele, na mara nyingi hudhaniwa ana kifafa au pepo. Kwa hiyo kijana azimiaye katikati ya mbio au mchezo, au ambaye ndugu yake alikufa ghafula kabla ya miaka 40, asitibiwe kwa kudhani, apelekwe hospitali.

Wengine wamezaliwa na njia ya pili ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini. Moyo wao huanza ghafula kupiga mara 150 au zaidi kwa dakika, kisha hukoma ghafula vile vile. Madaktari huweza kumfundisha mgonjwa kupuliza kwa nguvu kwa sekunde 15 katika sindano tupu, kisha alazwe chali na miguu yake iinuliwe. Mara nyingine moyo hurudi katika mwendo wake hapo hapo. Njia hiyo ya ziada pia huweza kuunguzwa hospitalini, na wengi wakapona kabisa.

Kila mtu aweza kujifunza kuhesabu mapigo yake. Vidole viwili viwekwe kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, na mapigo yahesabiwe kwa dakika nzima kwa saa. Gumba lenyewe lisitumiwe kuhesabu, kwani lina mapigo yake. Mapigo yakiwa hayana mpango wo wote, au yakipita 120 mtu akiwa ametulia na hana homa, au yakiandamana na kuzirai, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, asingoje kesho. Na mtu akianguka asipumue, aliye karibu aite msaada, kisha akandamize katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hata msaada ufike.

Hospitalini atapimwa umeme wa moyo kwa nyaya zibandikwazo kifuani, mikononi na miguuni. Kipimo hicho hakiumi, nacho huchukua dakika chache tu. Kikifanywa moyo ukiwa umekwisha kutulia huweza kutoonyesha kitu, kwa hiyo ni vizuri mgonjwa aandike siku na saa moyo ulipomkimbia, na alichokuwa akifanya wakati huo. Karatasi ya kipimo aitunze nyumbani pamoja na vyeti vyake, kwa kuwa daktari atakayemwona mwaka ujao atapenda kuilinganisha na mpya.