Mwizi Anayefuta Nyayo: Ugonjwa wa Blasti katika Mpunga



Mara nyingine mpunga husimama vizuri, kijani kibichi, halafu masuke yakitoka shingo zageuka nyeusi. Ukivuna unapata mapepe. Hapo maneno huanza: fulani ana jicho baya, fulani ametia kitu shambani. Vikundi huvunjika kwa maneno kama hayo. Basi leo tumjue adui mwenyewe.

Ni ukungu, ugonjwa wake waitwa blasti. Vumbi lake hupeperushwa na upepo, likatua juu ya jani lenye umande. Hapo hunata, hujenga kifuko chenye msukumo kama mara 40 ya upepo wa gurudumu la gari, na kulitoboa jani.

Mpunga nao si mjinga. Mwili wa ukungu umejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo katika maganda ya kamba wanaovuliwa hapa ghuba ya Ungwana. Mpunga ukigusa vipande vya kitini hujua mgeni ameingia, nao huanza kujikinga. Lakini mwizi huyu ni mwerevu. Hutoa protini inayovikamata vipande vile kabla mlinzi hajavigusa. Nyayo zimefutwa, mlinzi amekaa tu, nyumba yaibiwa.

Ziko aina za mpunga zenye walinzi wengine, wanaomtambua kwa alama nyingine. Lakini ukungu hubadilika. Ukishabadili sura, mbegu iliyokuwa imara jana huanguka leo.

Tufanye nini, basi?

1. Tusichukue mbegu katika shamba lililougua.
2. Kikundi kizima tusipande aina moja tu. Mwaka 2000 wataalamu walieleza jinsi wakulima wa Yunnan, China, walivyochanganya aina dhaifu na aina imara. Blasti katika ile dhaifu ilipungua kwa asilimia 94.
3. Tusizidishe yuria. Jani laini ni karamu ya ukungu.
4. Maji yasikauke shambani. Mpunga wenye kiu hushikwa upesi.
5. Mabua yaliyougua tuyachome au tuyafukie.

Tukague mashamba mapema: madoa kama jicho, katikati kijivu, kingo kahawia, ndiyo dalili.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
- Mbegu zetu za msimu huu zilitoka shamba gani?
- Tuna aina ngapi za mpunga?
- Je, yuko jirani tuliyemlaumu bure?