Mzaha wa Msimamizi
Swali: Mimi ni karani Mombasa. Msimamizi wangu hunishika kiuno penye kabati la mafaili, naye asema mkataba wangu hautatiwa sahihi mpaka nimridhie. Nifanyeje?

Jibu: Binti yangu, hayo ambayo wenzio huyaita mzaha (mzaha ambao, ajabu, hauthubutu kumfikia mke wa mkurugenzi) ni dhuluma iliyotajwa bayana katika Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, kinachomlazimu kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuandika kanuni za kumtia adabu mkosaji na kulisitiri jina la mshtaki, ila uchunguzi ukilihitaji. Basi andika leo tarehe, saa na maneno ya msimamizi yaleyale, upeleke mashtaka kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Suluhu ya faraghani usiitie sahihi.