SOMO LA BIASHARA: Karakana ya mitambo inayojiendesha

Nyumba nyingi za Mji wa Kale huweka maji katika tangi la chini na kuyapandisha juu kwa pampu. Pampu ikizunguka bila maji, huharibika. Fundi hufunga maboya mawili: la chini huizima maji yakiisha, la juu huizima tangi likijaa.

Kazi ipo, lakini karakana yaweza kufa huku wateja wakipanga foleni. Chukua mfano huu. Hoteli inaagiza kazi ya shilingi 100,000. Vifaa ni 60,000, malipo ya vibarua 15,000, zinabaki 25,000. Mteja akilipa baada ya siku 60, fundi amemkopesha 75,000. Wateja watatu wa aina hiyo ni 225,000, na kodi ya karakana haingoji.

Kwa hivyo, mwenye karakana azingatie haya:

1. Adai malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa.
2. Afunge mikataba ya matengenezo. Huleta pesa hata mwezi usio na kazi mpya.
3. Ahifadhi mchoro wa nyaya wa kila kazi, ili fundi mwingine aweze kuiendeleza.
4. Awe na leseni ya biashara ya kaunti, na kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA.
5. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wajisajili AGPO. Wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali.

Mali bila daftari hupotea bila habari.