Kabla Uchungu Haujaanza: Maandalizi ya Kujifungulia Hospitali

Kijitabu hiki ni cha mama mjamzito, ila tunaomba kisomwe pia na baba, na mama mkwe au bibi atakayemhudumia mzazi, na jirani mmoja mwenye bodaboda, bajaji au gari. Uchungu ukianza, hao ndio watakaoamua kila kitu, na huenda wakaamua usiku wa manane.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila vizazi 100 nchini Tanzania, 81 vilifanyika katika vituo vya huduma za afya. Utafiti wa 2015/16 ulikuwa umeonyesha 63. Vifo vya uzazi navyo vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni habari njema, lakini hao 104 ni mama za watu. Wengi wao huondolewa na mambo yanayotibika: kuvuja damu, kifafa cha mimba, maambukizi, uchungu pingamizi.

Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Huo wa mwisho ni wajibu wa serikali na watumishi wa afya. Aina mbili za kwanza huanzia nyumbani, sebuleni na jikoni, kwa hiyo tutakaa huko zaidi.

Uamuzi ufanyike mimba ikiwa na miezi saba

Kwanza, ijue tarehe yako. Chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, kisha hesabu miezi 9 mbele. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari hutarajia kujifungua karibu na tarehe 17 Oktoba. Karibu na, kwa sababu mtoto aliyetimia anaweza kuja wakati wowote kuanzia wiki ya 37. Anayepanga kufunga begi "wiki ya mwisho" huwa anapanga kuchelewa.

Pili, mwulize mkunga wa kliniki utajifungulia wapi. Zahanati inawafaa wengi, lakini si wote. Kama ni mimba ya kwanza, au umeshazaa mara tano au zaidi, au uliwahi kufanyiwa operesheni, au una pacha, au mtoto ametanguliza matako au amelala mkingamo, au una shinikizo la damu, kisukari au upungufu wa damu, au uliwahi kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, mahali pako ni penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa. Usione kwamba zahanati ya kijijini inakukataa ikikuandikia rufaa. Imekuona mapema.

Kama hospitali iko mbali au njia hukatika masika, uliza kama ina nyumba ya kusubiria kujifungua, ambayo sehemu nyingine huitwa chigonela. Mama huhamia hapo wiki chache kabla ya tarehe yake, akiwa na mtu wa kumpikia. Kukaa mbali na nyumbani ni kuzito, hasa kwa mwenye watoto wadogo, na familia ipange mapema nani atabaki nao. Lakini ni kwepesi kuliko kuvushwa mtoni na uchungu.

Tatu, ruhusa itolewe kabla. Hili tunalisema kwa uchungu wa moyo, kwa sababu wakunga hulisimulia kila mara. Damu imeanza kutoka saa nne usiku, baba yuko safarini, simu yake haipatikani, na nyumba nzima inangoja asubuhi ili "mwenye mke" aseme. Baba, sema leo, mbele ya mama yako na mbele ya mkeo: dalili yoyote ikitokea nikiwa sipo, nendeni, msiningoje. Maneno hayo hayagharimu hata shilingi.

Kwa sera, huduma za mjamzito na za kujifungua katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Hata hivyo safari ina gharama zake: nauli, chakula cha mzazi na cha msindikizaji, na vitu ambavyo siku hiyo kituo kinaweza kuwa kimeishiwa. Wekeni kidogo kidogo, kwenye kikoba, kwenye simu au kwenye kibubu, na fedha hiyo isiguswe kwa jambo jingine. Hakikisheni pia kundi lako la damu limeandikwa kwenye kadi, na watafuteni ndugu wawili wenye afya njema walio tayari kwenda kuchangia damu wakiitwa. Mama mwenye kundi la rhesus hasi amkumbushe daktari tangu kliniki, kwa kuwa kuna sindano anayoweza kuhitaji baada ya mtoto kuzaliwa.

Kuhusu usafiri wa dharura, piga 115. Ni namba ya mfumo wa M-Mama, na simu yake ni bure. Anayepokea atakuuliza hali ya mgonjwa na mahali mlipo, kisha atapanga ambulensi au, kama iko mbali, dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Ni kwa ajili ya dharura za mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Pamoja na hiyo, muwe na namba ya jirani mwenye chombo, na awe anajua kuwa anaweza kugongewa dirisha saa nane usiku.

Begi

Kadi ya kliniki itangulie vitu vyote. Iweke kwenye mfuko wa nailoni ili isilowe, mfuko wa mbele wa begi, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu akitumwa ataikuta. Ndani ya kadi mna shinikizo lako la damu, wingi wa damu, vipimo vya Virusi vya UKIMWI na kaswende, chanjo za pepopunda. Mkunga wa zamu ambaye hajawahi kukuona atakufahamu kwa kadi hiyo. Weka na kitambulisho, na kadi ya bima kama unayo.

Halafu khanga. Nguo laini zilizozoeleka hufaa kuliko mpya zenye gamu. Zifue, zianike juani, zipige pasi pande zote mbili, uzikunje na kuzifunga kwenye mfuko safi wake peke yake. Angalau sita: mbili za kutandika, mbili za kujifunga, na mbili za mtoto. Hizi za mtoto ndizo muhimu kupita zote. Ya kwanza humkausha maji aliyozaliwa nayo, na ikishalowa hutupwa pembeni mara moja, ya pili ikamfunika akiwa kavu. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi sana, hata Dar es Salaam penye fukuto, na wengi hufungwa katika ile ile khanga iliyolowa kwa sababu ya pili haikuwepo.

Vifaa vya kujifungulia uliza kliniki, maana vituo hutofautiana. Mara nyingi mama huambiwa abebe mpira wa kutandika, glovu za upasuaji, pamba, kibanio au uzi wa kufungia kitovu, na wembe mpya ambao haujafunguliwa karatasi yake. Ongeza pedi kubwa, chupi za kutosha, gauni linalofunguka kifuani, kandambili, sabuni, mswaki, beseni na ndoo ndogo, kikombe, chupa ya chai, chaja ya simu. Za mtoto ni nepi, kofia, soksi na nguo mbili tatu. Chupa ya kunyonyea na kopo la maziwa viache dukani.

Begi likishafungwa, mwonyeshe mtu mwingine lilipo.

Lini utoke nyumbani

Uchungu wa kweli una mpangilio. Huanzia kiunoni ukaja tumboni, hurudi kila baada ya muda, huzidi nguvu, na haupoi ukitembea au ukioga. Ute wenye damu ukitoka, siku imefika. Chupa ya uzazi ikipasuka, nenda hata kama hujasikia maumivu yoyote. Tazama saa na rangi ya maji, umwambie mkunga. Maji ya kijani au yenye damu yanataka haraka zaidi. Aliyewahi kuzaa, na anayekaa mbali, asisubiri uchungu ukolee, kwa maana mtoto wa pili na wa tatu huwahi.

Zipo dalili zisizongoja saa wala mwezi: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona moja tu, toka.

Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, tafadhali, mama mkwe, tafadhali, bibi: tunajua mnampa kwa mapenzi. Dawa hizo hubana kizazi bila kipimo, hukata hewa ya mtoto, na kizazi kinaweza kupasuka. Kama amekwisha kunywa, mwambieni mkunga bila woga ili ajue anachopambana nacho.

Leba

Njia hufunguka taratibu mpaka sentimita 10. Ikishafika 5, aliye na mimba ya kwanza anaweza kuchukua hadi saa 12, na aliyewahi kuzaa hadi saa 10. Kwa hiyo ukiambiwa bado, haina maana umetelekezwa. Mkunga asikilize mapigo ya moyo ya mtoto angalau kila nusu saa. Wewe tembea, badili ubavu, kojoa mara kwa mara, kunywa chai au uji isipokuwa umekatazwa kwa ajili ya operesheni. Usisukume mpaka mkunga akuambie.

Uliza mapema kama kituo huruhusu msindikizaji leba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na mtu wake wa kumfariji, na vituo vyenye faragha vinaweza kuruhusu. Una haki ya kufunikwa, kuelezwa unachofanyiwa, kuulizwa kabla ya kupimwa. Mama anayelia kwa uchungu hajakosa adabu, na hakuna anayeruhusiwa kumpiga au kumtukana. Likitokea, mweleze mganga mfawidhi.

Mtoto akizaliwa utachomwa sindano ya oksitosini pajani, mara nyingi ndani ya dakika moja. Usiikatae. Ndiyo inayosaidia kizazi kubana na kondo la nyuma kutoka bila kumwaga damu. Mtoto mzima huwekwa kifuani pako, ngozi kwa ngozi, na kitovu hukatwa baada ya dakika 1 hadi 3.

Wodini

Usiharakie kurudi nyumbani. Baada ya kujifungua salama kwa njia ya kawaida, kaa angalau saa 24, maana damu inayoua hutoka zaidi katika saa hizo. Ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, ukitoa mabonge, ukiona kizunguzungu au giza, ita muuguzi hapo hapo, hata kama amekupita sasa hivi. Nenda haja ndogo mapema, kwa kuwa kibofu kilichojaa huzuia kizazi kubana.

Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza. Yale maziwa mazito ya manjano, dang'a, wengine huyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu. Ni kinga yake ya kwanza, na tumbo lake dogo hutosheka na matone. Asipewe maji, glukosi wala asali. Asiogeshwe kabla ya saa 24. Kitovu kisipakwe majivu, mate, mafuta wala samadi. Kabla ya kutoka apate chanjo ya BCG begani na matone ya polio. Akizaliwa chini ya kilo 2.5, uliza kuhusu kumbeba kifuani kwa njia ya kangaroo, na baba pia anaweza kumbeba.

Aliyefanyiwa operesheni hukaa siku kadhaa, mara nyingi tatu au zaidi. Aamke na kutembea polepole mapema, akishikwa mkono. Mimba zijazo azalie hospitali yenye upasuaji.

Wageni nao wapungue. Anayetaka kumsaidia mzazi alete mtori au uji wa moto, achukue khanga chafu akafue, aondoke.

Kabla ya kupewa ruhusa

Uliza tangazo la kizazi, na hakikisha majina yameandikwa sawasawa. Kwa karatasi hiyo, RITA, wakala wa usajili wa serikali, humsajili mtoto, na inatakiwa iwe ndani ya siku 90. Mama aliyeajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba ana siku 3 ndani ya siku 7 za mwanzo. Baba, zichukue.

Rudini kliniki siku ya 7, ya 28 na ya 42, hata kama nyote mna afya. Msingoje siku hizo iwapo mama ana damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu, kichwa kikali, mguu mmoja umevimba na kuuma, au huzuni inayomfanya asimtazame mwanawe. Wala iwapo mtoto hanyonyi, ana joto au ubaridi, anahema mbiombio, ana degedege, kitovu chake kina usaha, au manjano imefika viganjani na nyayoni.

Sasa chukua karatasi. Andika tarehe yako, hospitali yako, jina la msindikizaji, namba ya jirani mwenye chombo, majina ya wachangia damu wawili, na 115 kwa tarakimu kubwa. Ibandike nyuma ya mlango, juu ya begi, leo kabla ya kulala.