Kioo Kipya, Fremu ya Zamani

SWALI

Mimi ni mwalimu, mkazi wa Tanga. Marehemu baba alituachia Benzi, ile ya zamani yenye waipa moja ambayo mafundi wanaiita W124, ya mwaka 1992. Baada ya mirathi familia ilikubaliana nibaki nayo mimi. Mwezi uliopita nikitokea Dar es Salaam, nilipopita Mkata, lori lilirusha kokoto ikapiga kioo cha mbele, chini, upande wa abiria. Siku ile ilikuwa alama ndogo tu. Leo ni ufa mrefu kama mkono wangu, na unazidi kusogea kwa dereva.

Kila ninayemuuliza ana lake. Fundi wetu wa siku zote anataka kutoboa tundu mwisho wa ufa na kutia gundi ili usiendelee. Kaka amepata kioo cha mtumba Ilala, kimetolewa kwenye gari lililopata ajali, kwa nusu bei. Duka moja la vioo lina kipya cha Kichina; jingine litaniagizia chenye nyota ya Mercedes kwa bei inayotisha. Fundi wa vioo anasema atakibandika kwa silikoni, kwa sababu "gari lenyewe la zamani". Baba mdogo yeye anasema niliuze, gari la kizee halitupiwi pesa. Nifanye nini?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Mwalimu, pole kwa msiba, na pole kwa kokoto. Naona familia nzima imekaa kikao cha kioo. Mimi nakuomba ukihamishe kikao hicho. Katika gari lenye zaidi ya miaka thelathini, kupata kioo ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito iko kwenye bati linalokishika na gundi inayoviunganisha viwili hivyo. Pesa yako ianzie huko. Ukikubaliana nami hapo, maswali yako mengine yatajijibu moja baada ya jingine.

Tuanze na ufa. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, katikati kuna utando wa plastiki. Unene wote ni kama milimita 5. Ndiyo maana kokoto ilikuachia alama badala ya kukumwagia chenga usoni, kama ambavyo kioo cha mlango kingefanya. Alama ndogo hutibika: fundi mwenye mashine huingiza gundi-maji maalumu na kuikausha kwa taa ya urujuanimno. Hata kutoboa mwisho wa ufa kupo katika kazi hiyo, kwa ufa mfupi na kwa vifaa vyake. Kwa ufa wa urefu wa mkono, tena unaoelekea kwa dereva, tundu la drili na gundi ya dukani ni kununua wiki chache tu. Ukitaka kipimo, chukua cha Uingereza: katika ukaguzi wao wa kila mwaka, gari hufeli kwa dosari inayozidi milimita 10 mbele ya dereva, au milimita 40 kwingine kunakofagiliwa na waipa. Wako umepita huko zamani. Kioo kibadilishwe.

Wakati unajipanga, usiupe ufa sababu ya kukimbia. Gari likishinda juani usiwashe kiyoyozi moja kwa moja kikipuliza kioo, wala usilimwagie maji ya baridi. Usipigize milango wakati madirisha yote yamefungwa, kwa sababu hewa iliyokosa pa kutokea hukisukuma kioo. Na safari za usiku zisubiri. Taa za lori linalokuja zikigonga ufa, hutaona kitu.

Sasa kioo kipi? Cha mtumba nakikataa, nikiwa na sababu. Kwenye Benzi za kale zaidi, kama W123, kioo cha mbele kilikaa ndani ya rabba. Ukiivua rabba kwa utulivu, kioo hutoka kizima. Cha kwako kimegundishwa kwenye bodi. Kukitoa ni kukikata kwa waya au kisu, na kingo zake huumizwa hata pasipoonekana kitu. Kile cha kaka, juu ya hayo, kimeshapita kwenye ajali. Kitazame juani: ukiona weupe kama maziwa unaanzia pembeni, utando wa katikati umeanza kuachia. Ukiona mikwaruzo ya mviringo, waipa ilishakila. Utalipa nusu bei ya kioo kwa kitu ambacho maisha yake yamebaki robo, na ufundi utalipa bei ile ile.

Cha Kichina usikidharau kwa jina la nchi. Kampuni ya Fuyao ya mkoa wa Fujian, iliyoanzishwa mwaka 1987, huwauzia vioo watengenezaji wakubwa wa magari duniani. Soma chapa ya kioo chenyewe, ile iliyochomwa kwenye kona ya chini. Tafuta herufi E ndani ya duara ikiwa na namba, na karibu yake 43R. Hiyo ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo salama vya magari, na namba ya kwenye duara inataja nchi iliyotoa kibali, kwa mfano 1 ni Ujerumani na 2 ni Ufaransa. Kwa viwango vya Marekani utaona AS1. Kioo kisicho na chapa yoyote kirudi stoo, hata muuzaji akiapa.

Kisha kipime kwa macho kabla hakijapakwa gundi. Kisimamishwe wima, wewe simama hatua chache nyuma yake, utazame nguzo ya umeme au ukingo wa ukuta kupitia kioo huku ukisogeza kichwa polepole kulia na kushoto. Nguzo ikibaki nguzo, chukua. Ikijikunja kama nyoka, hasa upande wa kulia utakapokaa wewe, kiache. Kioo hicho kitakuumiza kichwa kabla hujafika Segera.

Gari lako lina jambo jingine la pekee: ile waipa moja. Mkono wake haufagii nusu duara tu. Ndani kuna mtambo unaousukuma nje ukielekea kwenye kona za juu na kuuvuta ndani ukipita katikati, na Mercedes walijivunia kwamba unafikia asilimia 86 ya kioo. Mkono huo unataka kioo chenye mpindo sahihi. Mpindo ukikosewa kidogo, waipa itarukaruka na kuacha mistari ya maji. Kwa hiyo agiza kwa namba ya chesisi, ile inayoanza na WDB124, na useme ni saluni, maana kuna kupe pia. Mpira wa waipa ununue mpya siku hiyo hiyo. Wa zamani umeshabeba mchanga wa kutosha kukwaruza kioo kipya.

Chenye nyota? Ni kizuri, sikatai. Lakini kama kukinunua kutakulazimisha kubana gundi na kazi ya bati, umenunua nyota tu. Kwa hali yako ningechukua kipya chenye chapa kamili kilichopita jaribio la nguzo, na tofauti ya bei ningeipeleka kwenye fremu.

Fremu yenyewe unaweza kuanza kuikagua leo. Tazama rangi kwenye kona za chini za kioo: imevimba malengelenge? Inua zulia miguuni kwa abiria na kwa dereva, bonyeza kwa vidole. Kuna unyevu, au harufu ya kitambaa kilichofichwa kibichi? Kwenye magari ya umri huu, majani na vumbi huziba njia za maji chini ya kioo, maji yakatuama, kutu ikaanza taratibu chini ya gundi pasipoonekana. Nawe uko Tanga, hewa ya bahari haikusaidii. Gundi bora kuliko zote ikipakwa juu ya kutu itashika kutu; na kutu itabanduka pamoja nayo.

Kioo kikishatoka, palipo na kutu pakwanguliwe hadi chuma king'ae, papakwe praima ya kuzuia kutu, kisha rangi, na rangi ikauke sawasawa. Gundi haikai vizuri juu ya rangi mbichi, kwa hiyo kazi hiyo inaweza kulilaza gari siku kadhaa. Fundi rangi akuoneshe maelekezo ya kopo. Na asikuzibie shimo kwa puti. Puti itaonekana safi, lakini haiwezi kubeba kioo. Palipotoboka panahitaji bati na kuchomelewa.

Tumefika kwa fundi wa silikoni. Mwambie hapana, kwa heshima na bila kuyumba. Silikoni ni ya kuziba maji kwenye masinki na madirisha ya nyumba. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huila bati. Tena ikishagusa mahali, huacha mafuta ambayo gundi sahihi haitayashika, hata ukimpata fundi mwingine baadaye. Kioo cha mbele ni sehemu ya uimara wa gari: husaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na kwenye gari lenye eabegi ya abiria, mfuko ule ukifumuka hukiegemea. Kikibandikwa kwa silikoni kitang'oka wakati ule ule unapokihitaji. Umri wa gari haubadilishi lolote hapo. Shingo ya dereva ni ile ile.

Gundi inayotakiwa ni poliyurethani ya kubandika vioo vya magari. Usiridhike na jina la kampuni peke yake, maana kampuni hiyo hiyo hutengeneza pia gundi za kuzibia nyufa za majengo. Soma bomba: liseme kwamba ni la vioo vya magari, na tarehe ya mwisho iwe haijapita. Lifunguliwe mbele yako.

Siku ya kazi, kaa uangalie. Mwalimu umezoea kusimamia mtihani. Mkono wa waipa na urembo wa pembeni hutolewa kwanza. Vibanio vya plastiki vya miaka ile hukatika kwa kuguswa, kwa hiyo viwepo vipya mezani kabla ya kuanza. Kioo cha zamani kikishakatwa, gundi ya zamani inayoshika vizuri hainyofolewi yote. Hupunguzwa ibaki tabaka la milimita 1 au 2, kwa kuwa gundi mpya huipenda ile ya zamani kuliko kitu chochote. Kila mkwaruzo wa kisu kwenye bati upakwe praima. Mkanda mweusi unaozunguka kingo za kioo kipya nao husafishwa na kupakwa praima, usiguswe tena kwa vidole. Kisha gundi hulazwa mfululizo kuzunguka fremu, iwe na mgongo uliochongoka kama paa la nyumba, isikatike popote. Watu wawili wenye vishikio vya kunyonya hukilaza kioo mara moja, kabla gundi haijaota ngozi. Ukiona fundi anakata gundi vipande vipande au anakitoa kioo na kukirudisha mara mbili tatu, msimamishe.

Swali linalosahaulika ni hili: gari litaondoka saa ngapi? Gundi hizi hukauka kwa unyevu wa hewani. Hapo Tanga inakwenda upesi kuliko sehemu kavu za bara, lakini muda halisi umeandikwa kwenye bomba: nyingine saa 1, nyingine hadi siku nzima. Fundi akisema "twende tu", muoneshe maandishi. Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, milango ifungwe taratibu. Gundi ikishakauka, mwagia kioo maji ya bomba ya kawaida huku mtu akiwa ndani na tochi. Pampu ya kuoshea magari isubiri siku chache.

Kuhusu bima: kama gari lina bima ndogo, kioo chako hakimo. Kama baba aliacha bima kubwa iliyo hai, soma kipengele cha vioo na kikomo chake, na uhakikishe gari na bima vimeshahamia kwako kisheria kabla hujadai. Piga picha ya ufa leo.

Amebaki baba mdogo. Hoja yake ina uzito, ila ameitoa mapema. Hakuna anayejua hali ya bati mpaka kioo kitoke. Kwa hiyo patana bei mbili na fundi, ziandikwe: moja ya kioo na kubandika, nyingine ya kutu, na makubaliano kwamba kioo kikishatoka kazi inasimama, unaitwa, unaangalia. Ukikuta kutu ya juu juu, endelea bila wasiwasi. Gari hilo litakubeba miaka mingi. Ukikuta nguzo za paa zimeoza, mwite baba mdogo mkae, na kama mtaamua kuliuza, muuzieni mtu mkiwa mmemwonesha mlichokiona. Lakini kuliuza kwa ajili ya ufa tu, kabla ya kujua chini yake kuna nini, huko ni kutupa urithi kwa kubahatisha.