Somo: Mashine ya Kufyekea na Hati ya Dhamana

Ndugu Katibu, hasara kubwa ya mashine ya kufyekea inayovutwa na trekta huwa giaboksi, wala si visu. Shafti ya mashine nyingi hutiwa bolti laini makusudi: kisu kikigonga kisiki, bolti hukatika, giaboksi ikasalimika. Dereva mwenye haraka hutia bolti ngumu (wengine hata kipande cha nondo!), na kisiki kifuatacho huvunja meno ya gia. Hapo muuzaji hulikataa dai la chama, tena kwa haki.

Siku ya kupokea mashine, andika daftarini namba yake na tarehe, hifadhi ankara, kisha kagua oili ya giaboksi, kwani baadhi huletwa kavu. Bolti za akiba za aina ileile zinunuliwe siku hiyohiyo.